VAR inaona nini, haioni nini, na kwa nini kujiangusha hakujaisha

Ijumaa ya tarehe 5 Aprili 2024, uwanja wa Loftus Versfeld mjini Pretoria. Yanga inacheza na Mamelodi Sundowns marudiano ya robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, baada ya suluhu ya bila kufungana Dar es Salaam. Kipindi cha pili Stephane Aziz Ki wa Yanga anaachia shuti kali, mpira unagonga mtambaa wa panya, unadunda chini palepale kwenye chaki na kurudi uwanjani. Wachezaji wa Yanga wananyoosha mikono juu. Refa, Dahane Beida wa Mauritania, hatoi goli, na chumba cha video hakiubadili uamuzi. Mechi inaisha 0-0, kisha Sundowns wanapita kwa mikwaju ya penalti, 3-2.

Kibanda nilichokuwemo kilijaa mpaka mlangoni. Kila shuti lile liliporudiwa kwenye runinga, kelele zilizidi. Filimbi ya mwisho ilipopigwa hakuna aliyenyanyuka. Swali lilikuwa moja tu: kama VAR ilikuwepo, ilikuwa inafanya nini?

Tangu usiku ule nimelisikia swali hilo kwa sura nyingi. Mbona refa hakwenda kwenye skrini? Mbona yule aliyejiangusha hakupewa kadi? Mbona penalti ile wameikagua na faulo hii wameiacha? Wanaouliza ni watu wanaoujua mpira vizuri. Waliletewa chombo wakaambiwa kitaleta haki, lakini hakuna aliyekaa nao akawaeleza kinafanyaje kazi. Mimi naamini mtu anayelipa kiingilio ana haki ya kuelezwa, kwa hiyo tuanze mwanzo.

Si mashine, ni mtu

VAR ni kifupisho cha Kiingereza chenye maana ya mwamuzi msaidizi wa video. Neno la kushika hapo ni "mwamuzi". Ni mtu, refa aliyesomea kazi kama yule wa uwanjani, ameketi chumbani mbele ya skrini kadhaa. Pembeni yake yupo msaidizi wake, na yupo fundi anayemtafutia picha za marudio. Anazungumza na refa wa kati kupitia kifaa cha sikioni.

Mtu huyu anategemea kamera. Uwanja ukiwa na kamera 30, anaweza kulitazama tukio kutoka pande nyingi. Zikiwa nane, ni hizohizo nane, na kama hakuna hata moja iliyosimama mahali palipohitajika, hana jambo la kumwambia refa. Hapo uamuzi wa kwanza wa uwanjani unabaki ulivyo.

Hapa ndipo shuti la Aziz Ki linapoingia, kwa sababu watu wengi wanachanganya vitu viwili. Kipo chombo kingine kabisa kinachoitwa teknolojia ya mstari wa goli. Kilisukumwa na tukio la 27 Juni 2010 kule Bloemfontein, England dhidi ya Ujerumani, pale shuti la Frank Lampard lilipogonga mwamba na kuvuka mstari, dunia nzima ikiona isipokuwa waamuzi. Mwaka 2012 IFAB, bodi inayotunga sheria 17 za soka, ikakikubali, na Kombe la Dunia la 2014 kule Brazil likakitumia. Kazi yake ni moja. Kamera maalumu zinaufuata mpira golini, na ukivuka wote, saa ya mkononi ya refa inampa ishara ndani ya sekunde moja. Hakiulizi maoni ya mtu.

Mechi ya Pretoria haikuwa na chombo hicho. Ilikuwa na VAR, yaani watu wanaotazama picha za matangazo. Na picha ya ubavu inadanganya. Jaribu nyumbani: ikiwa una saa ya ukutani, simama pembeni kabisa mwa ukuta uiangalie kwa ubavu. Mshale wa dakika utaonekana umepita alama ambayo mtu aliyesimama mbele ya saa anaona haujaifikia. Mpira nao uko hivyo, hasa ukiwa hewani. Sheria inadai mpira wote uwe umevuka mstari wote, si nusu wala robo tatu. Kamera isiyokuwa sambamba na chaki inaweza kukuonyesha nafasi kati ya mpira na mstari ambayo haipo, au ikaficha iliyopo. Kwa hiyo anayesema "VAR iliinyima Yanga goli" na anayesema "VAR ilithibitisha si goli" wote wanaipa VAR uwezo ambao usiku ule haikuwa nao. Lawama inayosimama ni nyingine: mashindano makubwa kiasi kile, yenye timu zinazosafiri bara zima, yalichezwa bila chombo ambacho kwenye Kombe la Dunia kilikuwepo miaka kumi kabla.

Inaruhusiwa kugusa nini

IFAB iliipitisha VAR rasmi mjini Zurich tarehe 3 Machi 2018, ikaenda moja kwa moja kwenye Kombe la Dunia la Urusi. Kwetu Afrika iliingia AFCON ya 2019 nchini Misri kuanzia robo fainali. Itifaki yake, yaani kanuni za kuitumia, ilimruhusu mwamuzi wa video kuingilia mambo manne: goli, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na refa kumpa kadi mchezaji asiyehusika. Kona, mpira wa kurusha, faulo ya katikati ya uwanja na kadi ya njano viliachwa nje. Vifungu vya itifaki hufanyiwa marekebisho mara kwa mara, kwa hiyo msimu ukianza ni vizuri kuangalia kilichoongezwa. Nguzo ni hizo nne.

Hata ndani ya hayo manne kuna kizingiti, nacho ndicho kinachozua ugomvi mwingi kuliko kitu kingine chochote: mwamuzi wa video aingilie pale tu palipo na kosa la wazi na dhahiri, au tukio zito ambalo refa hakuliona kabisa.

Chukua mfano wa mwalimu aliyesahihisha insha akatoa 14 kati ya 20. Mwalimu mwingine akiisoma angeweza kutoa 13 au 15. Mkuu wa shule hataibadilisha alama hiyo, maana ni suala la jicho la msahihishaji. Lakini kama mwalimu alijumlisha vibaya akaandika 4 badala ya 14, hapo mkuu ataingilia. VAR ni mkuu wa shule wa namna hiyo. Hajiulizi kama yeye angetoa penalti. Anajiuliza kama uamuzi uliotolewa umepotoka kiasi kwamba hauteteeki. Ndiyo maana unaweza kuona matukio mawili yanayofanana, moja likawa penalti na jingine likaachwa, na chumba cha video kikanyamaza kwenye yote mawili. Inaudhi, najua, lakini ndivyo kanuni ilivyoandikwa.

Kuhusu kwenda kwenye skrini: mambo ya kupima kwa mstari, kama kuotea au kujua kama faulo ilikuwa ndani ya boksi au nje, yanaweza kumalizwa chumbani na refa akaambiwa jibu. Mambo ya kupima kwa akili, kama nguvu ya mkwatuo au mpira wa kunawa, ndiyo yanayompeleka refa akajionee mwenyewe. Katika hali zote mbili neno la mwisho ni lake. Na mchezaji anayechora kisanduku hewani kwa vidole kumlazimisha refa aende kuangalia anastahili kadi ya njano.

Wengi hudhani refa asipokwenda kwenye skrini basi hakuna aliyeangalia. Sivyo. Kila goli na kila tukio la boksi hukaguliwa kimyakimya wakati mpira unaendelea. FIFA ilitoa hesabu baada ya mechi 48 za makundi kule Urusi: matukio 335 yalikaguliwa, na ni 17 tu yaliyofika hatua ya kurudiwa rasmi.

Na kwa kuwa ni watu, hukosea kama watu. Tarehe 30 Septemba 2023 Luis Díaz wa Liverpool aliifunga Tottenham goli halali, mshika kibendera akasema ameotea. Chumba cha video kilichora mistari, kikaona hakuotea, kikamwambia refa ukaguzi umekamilika. Tatizo ni kwamba waliokuwa chumbani walidhani uwanjani goli limekubaliwa, kwa hiyo wao walikuwa wanalithibitisha. Mpira ukaanzishwa, na kwa sheria hakukuwa na kurudi nyuma. Kamera zilikuwepo, mistari ilikuwepo, kilichokosekana ni sentensi moja iliyonyooka kati ya watu wawili.

Sasa kujiangusha

Sheria ya 12 inamtaja mchezaji anayejaribu kumhadaa refa kwa kujifanya ameumia au kujifanya amefanyiwa madhambi. Adhabu ni kadi ya njano. Tukisema "kujiangusha" mitaani tunachanganya mambo matatu yasiyolingana.

La kwanza ni kuanguka bila kuguswa kabisa. La pili ni kuguswa kidogo kisha kuanguka kama mnazi uliokatwa. La tatu, ambalo ndilo gumu, ni kuutafuta mguso: mshambuliaji anaona kipa anakuja, anausogeza mpira pembeni, halafu anauacha mguu wake nyuma ili ukutane na mkono wa kipa. Mguso upo, na kwenye picha utauona. Lakini nani kamgusa mwenzake?

VAR imelishughulikia vizuri sana la kwanza. Tarehe 22 Juni 2018 mjini Saint Petersburg, Brazil na Costa Rica zikiwa 0-0, Neymar alianguka ndani ya boksi huku mikono ikiruka nyuma, na refa Björn Kuipers akaonyesha tuta, yaani penalti. Akaitwa kwenye skrini, akatazama, akafuta. Mwaka 2002 hilo lisingewezekana. Kwenye Kombe la Dunia la mwaka huo, mjini Ulsan, Hakan Ünsal wa Uturuki alimpigia mpira Rivaldo aliyekuwa akisubiri kupiga kona. Mpira ukampata pajani, naye akaanguka ameshika uso. Ünsal akatolewa kwa kadi ya pili ya njano. Baadaye Rivaldo alitozwa faini ya faranga 11,500 za Uswisi, lakini mechi ilikuwa imeshachezwa na Brazil imeshashinda 2-1.

Angalia lakini jambo moja kwenye tukio la Neymar: penalti ilifutwa, na kwa tukio lile hakupewa kadi. Refa anaweza kumwonya mchezaji baada ya kugundua kwenye skrini kwamba ameigiza. Mara nyingi hafanyi hivyo, kwa sababu picha inaonyesha kamguso fulani, na kamguso kanatosha kuleta shaka kama mtu alidhamiria kudanganya.

Kwenye aina ya pili na ya tatu, naona VAR imewasaidia wanaojiangusha kuliko kuwazuia. Picha ya mwendo wa polepole ndiyo sababu. Ukipunguza kasi, mguso mdogo unaonekana mkubwa, kiatu kinabaki juu ya kiatu muda mrefu, na aliyekanyagwa anaonekana kaumizwa kwa makusudi. Itifaki yenyewe inalijua hili: inaelekeza mwendo wa polepole utumike kutafuta mahali mguso ulipotokea, na kasi ya kawaida itumike kupima nguvu yake. Lakini sisi watazamaji tunarudishiwa mwendo wa polepole tu, na refa aliyeitwa kwenye skrini mbele ya watu elfu hamsini naye ni binadamu. Washambuliaji wamelisoma hilo. Zamani walihitaji kumdanganya refa aliye mita 15. Siku hizi wanahitaji tu kuhakikisha kamera itakuta mguso, wowote ule.

Kuna pengo jingine, na lilijionyesha kwenye fainali yenyewe ya 2018, Ufaransa na Croatia, uwanja wa Luzhniki mjini Moscow. Dakika ya 18 Antoine Griezmann alianguka karibu na Marcelo Brozović nje ya boksi, na refa Néstor Pitana akatoa faulo. Wengi waliotazama marudio waliona Griezmann alianza kushuka kabla ya mguso. Mpira wa adhabu ukapigwa, Mario Mandžukić akajifunga kwa kichwa, 1-0. Baadaye katika mechi hiyohiyo Pitana aliitwa kwenye skrini akatoa penalti baada ya mpira kumgonga Ivan Perišić mkononi. Watu wakauliza: kwa nini hili lilikaguliwa na lile halikukaguliwa? Jibu ni kwamba faulo ya nje ya boksi haimo kwenye mambo manne, na mpira ukishaanzishwa upya, chumba cha video hakiruhusiwi kurudi nyuma ya hapo hata kama goli limetokana na faulo hiyo. Ukijiangusha ndani ya boksi unakaguliwa. Ukijiangusha hatua mbili nje ya boksi, hakuna anayekugusa.

Bei yake

Tufanye hesabu kama mchuuzi. Kule Urusi zilitolewa penalti 29 ndani ya dakika za mchezo, wakati rekodi ya awali ilikuwa 18. Zilizofungwa ni 22. Yaani ukipata tuta, uko karibu na goli kwa nafasi tatu kati ya nne. Ukikamatwa umejiangusha unapata kadi ya njano, ambayo mabeki hupewa kila siku kwa kuvuta jezi. Mtu akiambiwa atoe shilingi mia ajaribu kupata elfu kumi, na akikosa anapoteza mia ileile, atajaribu kila asubuhi. Kamera haiwezi kuibadilisha hesabu hiyo. Kinachoweza ni kupandisha bei.

Na bei inapandishwa vizuri zaidi baada ya mechi, wakati hakuna mashabiki wanaopiga miluzi na kuna muda wa kutazama. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, walijaribu mwaka 2009. Eduardo wa Arsenal alianguka mbele ya kipa wa Celtic, Artur Boruc, akapata penalti, na UEFA wakamfungia mechi mbili. Akakata rufaa, adhabu ikafutwa. Kuthibitisha kwamba mtu alidhamiria kudanganya si kazi nyepesi.

Chama cha soka cha England kilikuja na njia makini zaidi kuanzia msimu wa 2017/18. Kosa likapewa jina la kumhadaa mwamuzi kwa mafanikio: udanganyifu uwe umezaa penalti au umemtoa mpinzani kwa kadi nyekundu. Picha zinatazamwa na watu watatu, aliyekuwa refa, aliyekuwa kocha na aliyekuwa mchezaji, na lazima wote wakubaliane. Adhabu ni mechi mbili nje. Novemba 2017 Oumar Niasse wa Everton akawa mchezaji wa kwanza wa Ligi Kuu ya England kufungiwa kwa kanuni hiyo, kwa penalti aliyoipata dhidi ya Crystal Palace. Ninaupenda mfumo huu kwa sababu unaacha wenye shaka waende zao na kuwashika wa wazi tu. Udhaifu wake ni kwamba hauwarudishii Palace pointi zao, wala haumgusi aliyejaribu kujiangusha akashindwa.

Na sisi je?

Kila ligi yetu inapoharibika kwa uamuzi mbovu, sauti inapanda: tuleteeni VAR. Ninaielewa sauti hiyo. Lakini VAR yenye kamera chache na waamuzi wasiopata mazoezi ya kutosha inaweza kuleta hasira kubwa kuliko kutokuwa nayo. Tulishuhudia Mei 2019 kule Radès, fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika kati ya Espérance ya Tunisia na Wydad ya Morocco. Wydad walisawazisha, goli likakataliwa, wakadai VAR, wakaambiwa haifanyi kazi. Wakagoma kuendelea. Kombe lilipita kwenye kamati na kufika mahakama ya michezo kabla ya kubaki Tunisia. Na itifaki inasema bayana kwamba mechi haibatiliki kwa sababu VAR imeharibika, wala kwa sababu imekosea.

Kuna njia nyepesi zaidi ambayo FIFA imeanza kuijaribu, ikiwemo kwenye Kombe la Dunia la wanawake chini ya miaka 20 kule Colombia mwaka 2024. Hakuna chumba cha waamuzi wa video. Kila kocha ana maombi mawili kwa mechi. Akiona refa amekosea anaomba marudio, refa anakwenda kwenye skrini na kujitazamia mwenyewe. Kocha akiwa sahihi, ombi lake linabaki. Akikosea, limeliwa. Kamera chache zinatosha kuanzia. Uzuri wake kwa suala letu ni kwamba kocha naye anaingia gharama: akiamini maigizo ya mshambuliaji wake akaomba penalti isiyokuwepo, amepoteza ombi ambalo angelihitaji dakika ya 88.

Lakini kuhusu kujiangusha, Tanzania haihitaji hata kusubiri hilo. Mechi za Ligi Kuu Bara zinaonyeshwa na Azam TV, kwa hiyo picha zipo. Chombo cha kutoa adhabu baada ya mechi nacho kipo, ile kamati ya uendeshaji na usimamizi wa ligi ambayo sote tunaiita kamati ya saa 72. Kamati hiyo hiyo huzitoza klabu faini kwa kupita mlango usio rasmi wa uwanja. Kinachotakiwa ni kifungu kimoja cha kanuni na watu watatu waliowahi kuwa refa, kocha na mchezaji, wanaotazama penalti za wikiendi kwa kasi ya kawaida kwanza, kisha polepole. Wakikubaliana wote kwamba mtu ameigiza, anakosa mechi mbili. Kocha wake atalazimika kumpanga mwingine, na hao wengine watakaovaa jezi ile watajua kwa nini nafasi imepatikana.